Rangi Mbichi Hufa Kwanza

Praha, 27 Februari 1995

Mwanangu Zdeňka,

Hujambo? Unapika supu ya vitunguu saumu au unatafuna mkate mkavu? Mimi sijambo, ila macho ni yaleyale, ukungu mtupu. Mistari ikipanda mlima, nisamehe. Ijumaa wananipasua.

Jumamosi utacheza klabuni badala yangu, ule mchezo wetu wa vita vya sanamu mezani. Mdomo umeniponza: nilimwambia Kvasnička mbele ya watu kwamba akinishinda tena, jeshi langu lote la sanamu ni lake. Ujana wangu wote umo kwenye sanduku lile!

Usimfuate. Panga magari ya vita, yale ya kukokotwa, duara kilimani, umsubiri na farasi wake wa deraya. Ana kiherehere, atakuja. Kuna sanamu mpya, mwanamke mwenye fimbo ya kupuria ngano. Nimempaka rangi kwa kupapasapapasa. Mweke popote.

Baba yako

Tábor, 4 Machi 1995

Baba, shikamoo.

Bendeji zinawasha? Dada muuguzi, nakusalimu. Hapa msomee kwa kupaza sauti: TUMESHINDA!

Nilipomtoa yule mwanamke wako, chumba kizima kilicheka. Kwa nini, nitakwambia siku nyingine. Kvasnička akasema, "Haya, rangi mbichi hufa kwanza!" Unajua wanavyoamini kwamba sanamu iliyopakwa rangi juzi ndiyo hufa ya kwanza. Nikamtia makusudi kwenye pengo kati ya magari mawili.

Basi mzee akapandwa na mori. Aliacha pande zote, akaleta farasi wake kwenye pengo lile, wakasongamana hapo. Magari yangu yakawamiminia risasi kulia na kushoto! Akabaki jemadari wake peke yake, ana kwa ana na mama wa fimbo. Akifa mama huyo, pengo wazi, sanduku limekwenda; mwenye dadu kubwa ndiye anayebaki.

Kvasnička akatupa dadu: tano. Akaagiza bia palepale. Mimi nikatupa, ikabiringika hadi ukingoni mwa meza. SITA! Baba, nililia, nikamkumbatia hata Kvasnička. Akaninong'oneza, "Mwambie baba yako apone upesi, nataka kisasi."

Sanduku liko chini ya kitanda changu. Mwanamke nakutumia kwa posta, nimemfunga kwa pamba. Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako.

Binti yako

Praha, 11 Machi 1995

Zdeňka wangu,

Wazima huko? Tazama mistari yangu, imenyooka kama reli!

Jana wametoa bendeji, leo kifurushi kimefika. Nimefungua pamba, nikamwona. Ala! Mwanangu, macho nimemchora juu ya nyusi! Ndiyo mliyoyacheka, wajinga nyie? Nimecheka mpaka daktari akaja mbio, akidhani nimetonesha kidonda.

Sasa sikiliza. Usije ukamgusa na brashi. Mwakani atasimama palepale pengoni, Kvasnička amtazame vizuri. Mimi nimeshamtazama asubuhi nzima: macho yake yapo juu ya kipaji cha uso, mwanangu, na nayaona yote mawili.

Baba yako