Mawe Yasiyoungana

Bariadi, Jumatano

Mawe yamekataa tena! Kutwa nimeshinda kwenye kompyuta ya bosi, natengeneza kipande cha mchoro kinachojirudia chenyewe kujazia kuta za mawe kwenye ramani za nyumba. Kila jiwe la ukingoni linakatika bila kuungana na la kipande kinachofuata, na kosa moja linajirudia ukuta mzima.

Bosi akacheka. "Mama Limi, nyumba yenye nyufa hivi utalala wewe?"

Kesho nisipoweza narudi kwenye kazi yangu ya zamani ya fotokopi. Naogopa. Mama mkwe nilishamtambia kwamba sasa mimi ni mchoraji.

Jioni namnyonyesha Limi, jicho likatua kwenye kitenge changu. Ua linaloishia nusu kwenye picha moja, nusu yake inaanzia picha inayofuata. Basi hata jiwe nikilikata ukingo wa kulia, nusu yake niianzishe ukingo wa kushoto, vipande vitaungana...

Na kitenge chenyewe nilikivaa kutwa nzima!