Simu Ilinitaka Nitabasamu

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Dawa ya presha umeze baada ya kula, si kabla. Wadogo zake wakitoka shule waambie wewe mwenyewe habari ya dada yao, wasije wakasikia kwa majirani.

Dereva wa teksi ameshapiga honi. Nakwenda kumchukua binti yetu, na sijui watanipa mwili lini. ~~Usinipigie.~~ Nipigie kesho jioni.

Lakini lile neno lako la asubuhi naondoka nalo. "Mtoto yuko mochari ugenini, wewe unajipiga picha unachekacheka!" Ukabamiza mlango. Hata kuuliza hukuuliza.

Huko hawapokei noti, hata maji ya kunywa unalipia kwa simu. Hospitali walisema nijisajili kwenye programu yao ya malipo kabla sijaondoka. Ikataka kuuona uso wangu. Nikauonyesha. Ikaandika: "Tabasamu." Nikajaribu na macho yangu haya yaliyovimba, ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Mara ya tatu nikamkumbuka yeye, alivyokuwa akininyang'anya simu: "Lete hapa, Mama, wewe na simu ni paka na panya." Hapo ndipo ikanikubali. Na hapo ndipo ulipoingia.

Shati lako jeusi nimelipiga pasi. Limetundikwa nyuma ya mlango uleule ulioubamiza.

Mimi, mama wa watoto watatu. Bado watatu.