Vikuku vya Bibi Vimekwenda Naye

Jumatano, Aprili 1937. Njia ya Maneromango.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado inanyesha. Nina tope la kaburi mpaka magotini na sina haraka ya kuliosha. Leo tumemzika Bibi Mwavita, mama yake mama. Nimelia, lakini hasira haijaisha.

Bibi alisema wazi akiwa na akili zake: nikifa, msinivue. Alikuwa na vikuku viwili vya fedha, majasi ya masikioni, na shanga nyekundu alizovishwa siku alipotolewa unyagoni akiwa mwali. Uzeeni alibatizwa kwa hiari yake, akaitwa Marta, na hata siku ile ya maji vikuku vilikuwa mikononi. Hakuna aliyelalamika.

Jana wanawake wakiwa wanamwosha, Mzee Petro, mzee wa kanisa letu dogo hapa kijijini, alituma neno: Mkristo hazikwi na mapambo ya kishenzi. Wakamvua. Mama naye alisaidia kumvua. Vitu vikawekwa kwenye ungo kama mchele unaosubiri kuchambuliwa.

Mimi nikaenda kwa Mzee Petro.

Nilikuwa na la kumwambia. Huwa namsaidia Sista, yule Mjerumani wa zahanati, kufunga vidonda, na majuzi alinionyesha kitabu cha picha kutoka kwao. Picha zenyewe ni za makaburi ya Wajerumani wa kale, wa zamani mno. Wanawake walizikwa na mapambo yao: pete, vifungo vya dhahabu vyenye vijiwe vyekundu vya kubania nguo kifuani, na shanga. Shanga za kioo, za rangi rangi, ungedhani zimenunuliwa dukani Kisarawe! Na mmoja wao alikuwa na msalaba wa dhahabu mwembamba kama jani, uliokuwa umeshonewa kwenye nguo aliyozikwa nayo. Msalaba na shanga, kaburi moja, na hakuna aliyeona vinagombana.

Sista alisema vitu hivyo sasa vimo ndani ya kabati la kioo mjini kwao na watu huenda kuvitazama kwa heshima. Nikamuuliza ni nani aliyewaomba ruhusa wenyewe kabla ya kuwafukua. Akafunga kitabu, akaniambia maji ya vidonda yanapoa.

Basi nilimwamkia Mzee Petro, akaitikia, nikamweleza yote, mpaka ule msalaba. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema, "Hao ni Wajerumani, mwanangu."

"Na sisi ni nani, mzee?"

"Sisi tumetoka gizani juzi tu. Tukiacha mlango wazi kidogo, giza litarudi."

Giza! Bibi yangu aliyemlea kila yatima wa kijiji hiki, ambaye hata mtoto wa huyo huyo Mzee Petro alinyamazia mgongoni mwake. Wajerumani wakizikwa na dhahabu ni wahenga. Wetu wakizikwa na fedha ni washenzi. Nilitoka pale bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima, na silijutii.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kabula.

Mama Kabula ni Mnyamwezi aliyelowea hapa na mumewe miaka mingi, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazaramo. Na mtani akiwa msibani nani atamkataza? Anaweza kula chakula chako, kukutukana, hata kulala kaburini, na ukikasirika aibu ni yako. Mzee Petro ni mzee wa kanisa, sawa. Lakini alizaliwa Mzaramo.

Leo watu wamekusanyika, Bibi yuko kwenye kitanda pembeni ya kaburi, sala inataka kuanza. Mama Kabula akatokea na ule ungo wa mapambo kichwani, akanikabidhi, akarukia kaburini na kujilaza chali kwenye tope.

"Wazaramo wezi nyie! Mtani wangu mnamzika mikono mitupu, kama kuku aliyenyonyolewa! Sitoki humu. Nifukieni mimi!"

Watu wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Mzee Petro akasema, "Mama Kabula, tafadhali." Akajibiwa kwamba tafadhali akamwambie mkewe, na mvua ikazidi, na maji yakaanza kujaa kaburini. Mwisho Mzee Petro akageuka, akatupa mgongo, akawa anatazama shamba la muhogo.

Nikajua amenipa nafasi.

Nilifungua sanda kwa mikono yangu. Vikuku vikaingia bila taabu, amekonda sana Bibi yangu. Nikamtia majasi, nikamvisha shanga. Msalaba wake wa mti aliopewa siku ya ubatizo niliuacha palepale kifuani. Alikuwa mzuri. Nasema kweli, alikuwa mzuri.

Mama Kabula akatoka, tukamshusha. Mzee Petro akageuka na kusoma sala yote, hakuruka hata neno.

Lakini jioni hii amekuja kumwambia mama kwamba Jumapili nisimame mbele ya watu nitubu, la sivyo Meza ya Bwana, ule mkate na kikombe, nimefungiwa. Inaniuma. Naipenda ile Meza, na sitajifanya kwamba siijali. Nimekaa hapa najiuliza kama kuna neno moja ninaloweza kulitubia bila kusema uongo. Silioni. Nitasimama mbele kama anavyotaka, nitasema nilichofanya na kwa nini, na kutubu sitatubu. Wakinifungia, wanifungie.

Mama hajawahi kumpinga Mzee Petro hata kwa kikohozi. Sasa hivi amekuja, ameketi kwenye mkeka karibu yangu, ananitazama nikiandika.

"Jumapili nitasimama nawe," amesema.

Nimemwambia asijisumbue, mimi sitatubu.

"Wewe usitubu. Nitatubu mimi, mbele yao wote, kwamba nilimvua mama yangu."

Acha Jumapili ifike.