Mlango Atakaoujua Yeremia

Jumamosi, 10 Juni 1950. Makambako

Nimefua mashati ya Yeremia tena. Mawili, la kaki na la buluu. Kila baada ya wiki mbili Mama mkwe huyatoa sandukuni, ananipa sabuni. Mume wangu hajayavaa mwaka wa nane huu. Upepo wa hapa uliyakausha kabla ya adhuhuri. Yalivimba kwenye kamba kana kwamba kuna mtu ndani. Niliyapa mgongo.

Barua ya uhamisho imefika. Tarehe tatu Julai niwe Njombe, shule ya wasichana. Nyumba za walimu zimejaa, nijitafutie mwenyewe. Njombe nimefika mara moja tu, siku ya kumsindikiza Yeremia Boma alipoandikishwa jeshini. Mji sikuuona. Niliona kisogo chake.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya ibada nikawaambia wa nyumbani habari ya uhamisho. Mama mkwe aliendelea kupukuchua maharage. Kisha: "Na Yeremia akirudi, atakukuta wapi?"

Ndiyo kauli yake tangu ilipokuja ile karatasi ya Serikali. Hajulikani alipo. Haikusema amekufa. Mama mkwe aling'ang'ania hapo.

Petro, mdogo wake Yeremia, alikuwa amekaa mlangoni. Mkewe alifariki mwaka jana katika uzazi. Alizungumza polepole. Mke wa mtu hakai mjini peke yake. Kama kaka yu hai, nimngoje kwake. Kama amekufa, itamkwe mbele ya wazee, tulie, kisha ukoo una utaratibu wake. Aliposema utaratibu alinitazama.

Petro si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatano, 14 Juni. Njombe

Nimekuja na lori, juu ya magunia ya viazi. Ukungu njia nzima. Mwalimu Anjelika wa shule hiyohiyo amenipa mkeka chumbani kwake kwa wiki moja. Mwenzake wa chumba anarudi wiki ijayo. Anjelika kwao ni Uwemba, Mkatoliki, anacheka kwa sauti. Nimempenda mara moja.

Baridi ya huku si ya Makambako. Ile inakuja na upepo na kuondoka nao. Hii imekaa tu. Asubuhi nyasi zote zilikuwa na sakitu, umande ulioganda, mweupe kama unga. Nikataka kumwonyesha mtu. Nikakumbuka ninayetaka kumwonyesha ni nani.

Alhamisi, 15 Juni

Nyumba ya kwanza. Chumba nyuma ya maduka ya Wahindi. Bati jipya, sakafu ya udongo iliyopigwa vizuri. Mwenye nyumba mama mnene, mchangamfu. Akanisalimu kamwene, kamwene, karibu mwalimu. Akauliza kwetu ni wapi, kanisa langu, ninafundisha nini. Halafu bwana yuko wapi.

Safarini, nikasema.

Anarudi lini?

Nilichelewa kujibu. Akasema samahani, amekumbuka chumba kina mtu tayari.

Jambo moja naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma. Sikutazama dirisha wala jiko. Nilikuwa napima njia. Mtu akishuka kwenye lori, akiuliza jina langu, atafika mlango huu bila kupotea?

Ijumaa, 16 Juni

Ya pili, kwa mzee mmoja wa kanisa. Vyumba vikavu, jiko la nje, kisima karibu. Swali lile lile. Nikasema mume wangu yuko vitani.

"Vita imekwisha mwaka wa tano huu, mwalimu."

Alisema kwa huruma. Afadhali angenicheka. Akasema nirudi na shemeji yangu, aje anisemee, atanipa nyumba siku hiyohiyo. Yaani Petro ndiye anifungulie mlango.

Nilirudi kwa njia ya katikati ya miti ya miwati. Jioni ilikuwa haijaingia. Nyuma yangu nikasikia buti. Mguu wa kushoto mzito kuliko wa kulia, mwendo wa Yeremia. Nikasimama. Zikasimama. Sikugeuka. Nilipoanza kutembea, zikaanza.

Anjelika anasema ni maporomoko ya mto, sauti yake hupotoka kwenye ukungu. Huenda. Lakini maji hayasimami mtu akisimama.

Jumamosi, 17 Juni

Ya tatu. Anjelika aliitaja kwa kusita. Nyumba ya matofali ng'ambo ya miwati, vyumba viwili, haijawahi kukaliwa. Mwenyewe anaitwa Zakayo, askari wa zamani. Aliijenga kwa ajili ya kuoa, hakuoa. Anaishi kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Watu wanasema hupiga kelele usingizini, kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa jirani yake.

Niliipenda kabla sijaingia. Dirisha linatazama barabara.

Zakayo alikuwa analima matuta. Mtu mrefu, mkimya, mikono inatetemeka. Akauliza mume yuko wapi. Nilikuwa nimechoka kuwa mwongo.

"Sijui."

Mara ya kwanza mdomo wangu kulisema neno hilo.

Akauliza jina lake. Nikasema Yeremia, wa Makambako. Akaweka jembe chini taratibu kama kitu cha kuvunjika. Akasema nyumba haipangishwi. Akaingia kibandani akafunga mlango, jua likiwa juu.

Jumapili, 18 Juni

Sikwenda ibadani. Nilikwenda kukaa kwenye kizingiti cha ile nyumba. Niliapa sitaondoka. Mwishowe Zakayo alitoka.

"Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto," alisema. "Kilipandia chenzake. Buti zilikuwa zinamtesa."

Hakuna mtu anayejua hilo ila mama yake na mimi.

Akanieleza huku amesimama, anatazama matuta. Burma. Walivuka mto mkubwa wakati wa mvua, mashua ikapinduka. Waliopotea wakaandikwa hawajulikani walipo, kikosi kikasonga mbele. Yeye Zakayo alikuwa mgonjwa, akaachwa nyuma na wengine wachache. Siku ya nne mto ukamrudisha Yeremia kwenye mchanga. Zakayo akamfukia chini ya mianzi. Akamwambia sajenti. Sajenti naye akafa kabla ya kuandika popote.

Nikamwuliza kwa nini hakuja kutuambia. Miaka mitano yuko hapa. Kwetu ni safari ya siku moja.

"Nilikuja mara mbili. Nikafika mpaka uani. Mara zote mbili mama yule alikuwa anaanika mashati."

Akaniambia nichukue nyumba, bure, hata kesho. Nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 19 Juni

Namchukia Zakayo. Nilidhani nitalia. Nimekunjwa tu kama nguo mbichi. Anjelika alinipikia uji, akakaa karibu yangu, hakucheka siku nzima.

Nimefikiri hivi. Nikisema, mimi ni mjane, na mjane ana wazee wa kumwamulia. Nisiposema, nitafua yale mashati mpaka nife. Nyumba ya Zakayo siitaki, nyingine sina. Siku za kutafuta zimekwisha.

Jumatano, 21 Juni. Makambako

Nimerudi jana. Sijasema.

Ijumaa, 23 Juni

Bado. Mama ameuliza nimepata wapi pa kukaa. Nikasema bado naangalia. Petro ameniletea kuni, akaniuliza Njombe kuna baridi. Ameanza kuvaa koti lake zuri siku za kazi.

Jumamosi, 24 Juni

Siku ya mashati. Mama alifungua sanduku, akanipa sabuni. Nikaishika. Sikuweza kuinuka. Nikamwambia yote, mto, mianzi, kidole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua."

Mwaka ule mvua zilipochelewa, akasema, aliamka alfajiri matiti yakimuuma kama mwenye mtoto mchanga. Mwanamke wa umri ule. Akajua ni mmoja wa watoto wake. Petro alikuwa uani anakata kuni, mzima.

Nikamwuliza kwa nini basi. Kwa nini miaka yote hii, kwa nini lile swali la "atakukuta wapi".

"Ningetamka amekufa, wazee wangekurithisha. Wakati ule kwa baba yenu mkubwa, sasa kwa Petro. Nilikuona mwanangu unavyopenda kitabu chako na chaki yako. Nikasema basi, Yeremia yu hai."

Halafu, kwa sauti nyingine: "Na nilipenda kuona nguo zake juani."

Hapo ndipo nilipolia. Tulilia sote wawili, sabuni ikayeyuka kwenye beseni.

Jumatatu, 26 Juni

Siku ya tatu ya msiba leo. Watu wamejaa uani. Hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna ajuaye akae upande gani. Mchungaji amesoma, wametuimbia. Aliyelia kuliko wote ni Petro. Alilia kama mtoto aliyeachwa njiani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba naye alikuwa anamngoja.

Jumatano, 28 Juni

Wazee wamekaa. Baba mkubwa akaanza habari ya utaratibu. Mama mkwe, asiyesemaga kwenye vikao, akasimama.

"Yeremia na Petro nimewazaa mimi. Huyu naye nimemzaa. Atajibu mwenyewe."

Wakanigeukia. Nikasema Petro ni ndugu yangu na namheshimu, na sitaki kuolewa naye, na nakwenda Njombe. Baba mkubwa alitaka kusema. Petro akamwahi.

"Mimi sichukui mtu asiyenitaka."

Akatoka. Tulimsikia akipasua kuni mpaka giza. Nina aibu. Sijutii.

Alhamisi, 29 Juni

Petro hajanisalimia. Mama amempa mashati yote mawili. La kaki limembana mabegani, amelivaa hivyohivyo.

Kisha Mama kasema anakuja na mimi. Ameshafunga mzigo wake. Nikamwambia Njombe kuna sakitu, mifupa yake itaumia. Akasema mifupa ni yake. Nikamwambia sina nyumba.

"Ya yule askari ipo."

Nikasema hapana. Nikasema siwezi kuamka kila siku nimwone. Akajibu bila kupandisha sauti. Yule ndiye mtu wa mwisho kumgusa mwanangu. Nataka kukaa karibu na mikono hiyo.

Nimekataa tangu asubuhi. Sasa nimekubali. Si kwa sababu nimesamehe. Mama ana haki kuliko mimi.

Jumamosi, 1 Julai. Njombe

Tumehamia. Anjelika alikuja kutusaidia kukoroga udongo wa kukandika jiko. Mama kachukua chumba cha dirisha. Nyumba inanuka chokaa na upweke. Zakayo ameifagia, amejaza mtungi maji, kisha akapotea siku nzima. Jioni niliona moshi kibandani kwake.

Nimepita njia ya miwati mara tatu leo. Buti bado zipo. Nimejua sasa kwamba Yeremia yuko chini ya mianzi, mbali kupita nchi zote ninazofundisha kwenye ramani, na bado zipo. Sikimbii tena. Ila naogopa, sitajidanganya.

Jumanne, 4 Julai

Siku ya pili ya shule. Wasichana arobaini kasoro, wengine peku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nimewafundisha kuandika anwani juu ya bahasha. Mkono wangu ulisimama ubaoni kwenye neno mpokeaji. Wakangoja. Nikaendelea.

Alfajiri nilimsikia Zakayo akipiga kelele. Mama alitoka nje na khanga begani, akasimama katikati ya ua, akamwita jina lake mara moja tu, kama anavyoitwa mtu aliyelala kupita kiasi. Zakayo akanyamaza.

Jumapili, 9 Julai

Ukungu umeondoka mapema leo. Baada ya ibada Mama amepiga matuta mawili nyuma ya jiko, anasema udongo wa hapa ni mweusi kuliko wa kwetu. Zakayo alileta kuni, akazitua karibu na mlango, akageuka kuondoka. Mama akanituma nimwite chakula.

Sikutaka. Nikaenda.

Amekula ugali na maharage, amekaa ukingoni mwa kigoda, macho chini. Hakuna aliyeitaja Burma. Mkono wake ulitetemeka, mchuzi ukamwagika kidogo, Mama akamwongezea bila kumwuliza. Akashukuru, akanawa, akarudi kwake.

Mama alimtazama mpaka alipoinama kuingia kibandani.

"Anakula kama mtu aliyesahau kuna chakula kingine kesho," akasema.

Akakusanya vyombo. Mimi nikasuuza.