Choo cha Watoto wa Mongolia

Jumanne, theluji tena

Hatua sitini kutoka bweni mpaka chooni! Na wataalamu wanne walishaupitisha ule mchoro. Naserian, binti yangu, alinionyesha juzi alipokuja kula. Shirika lake linajenga bweni huko Mongolia kwa watoto wa wafugaji wanaohamahama. Watoto wa miaka sita.

Nikamwambia, "Huko si baridi kuliko hapa Toronto? Usiku mtoto hatoki. Atakojoa kitandani, wenzake watamcheka, atatoroka. Wekeni choo ndani."

Akacheka. "Baba, umejuaje? Utafiti wetu hausemi hivyo."

Nikasema nimemwaga zege miaka ishirini, najua majengo.

Uongo; hilo sikulijua kwa kumwaga zege. Mimi mwenyewe nilitoroka bweni darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo. Yeye anajua ni ukame ulionitoa shule. Ukweli aliujua marehemu mama yake tu.

Leo kapiga simu, amefurahi kweli. Wakubwa wamekubali, choo kitakuwa ndani. Na mimi ameniandika kwenye ripoti: mshauri wa mabweni.

"Sasa baba, niandike ulisoma wapi, na uliishia darasa gani? Kwa nini uliacha?"

Nikamwambia simu inakatakata, simsikii.