Alikogeukia Tata

Kashai, Bukoba
8 Desemba 2024

Mpendwa dada yangu Sista Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mkuu na masista wote mlio nyuma ya ukuta huo, na kwamba yale mafua uliyoyataja yameshakuacha. Sisi huku tunaendelea. Mama yu mzima wa mwili, maharage yake anapalilia kama kawaida, ila anakula kidogo, na siku hizi anasahau chai jikoni mpaka inakauka. Mke wangu anakusalimu sana. Duka langu la misumari na rangi bado limesimama, na wateja wa Kashai bado wanakagua msumari mmojammoja kama wananunua mayai.

Unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Habari ya msiba wa baba yetu ulishaipata kwa simu ya Mama Mkuu, na kanuni za monasteri yenu zikakuzuia kuja kuzika. Kwa hilo hakuna anayekulaumu, hata shangazi Georgina, ambaye kwa kawaida hulaumu hata mvua. Lakini katika barua yako umeniuliza swali moja tu: je, Tata alikutaja kabla hajafa? Nimeanza kukujibu zaidi ya mara moja nikaichana karatasi. Jibu lake ni refu kidogo, na sina budi kupitia kwenye gofu, maana mimi ndugu yako hata nikiulizwa njia ya kwenda sokoni hupitia kwenye gofu. Nivumilie.

Unakumbuka Mzee Nurmohamed wa Kanazi, yule mnunuzi wa kahawa ambaye Tata alimfanyia kazi ghalani kabla hatujazaliwa. Wenzake waliocheza naye gofu walipohama mmoja baada ya mwingine, akabaki na fimbo zake na mashimo aliyoyachimba mwenyewe kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi nyuma ya ghala, bila mtu wa kushindana naye. Ndipo akamfundisha Tata. Tata mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi alivyoushambulia mpira kwa nguvu za mikono tu, kama anayekata mgomba, na mpira ukaishia kwenye nyasi hatua chache mbele yake. Mzee akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia kwamba ndivyo walivyo watu wote wa kibanjani, waliokulia shambani kwenye migomba. Panga la kibanjani huzungushwa kwa mkono tu, kwa sababu ukigeuza mwili mzima utakata na mgomba usioukusudia. Mkono wa kibanjani, akasema, ni mkono wenye adabu, lakini hauna nguvu.

Nguvu, kwa mafundisho ya Mzee Nurmohamed, haitoki mkononi. Mkono ni mjumbe, mwenye nyumba ni kiuno. Unasimama miguu imeshika ardhi, magoti yamelegea kidogo. Unageuza mabega kwenda nyuma kulia mpaka mgongo wako uangalie kule unakotaka mpira uende, huku mkono wa kushoto umenyooka na kiuno kimegeuka nusu tu ya mabega. Hapo mwili unakuwa umejisokota kama kitenge kinachokamuliwa. Kisha kurudi: kiuno kinatangulia, kifua kinakifuata, mikono inavutwa na kifua, na kifundo cha mkono kinafunguka mwisho kabisa, pale fimbo inapoukuta mpira. Mikono ikitangulia kiuno, umeharibu. Na ukishapiga, usibaki nyuma. Malizia kifua kikiangalia mbele.

Hayo ndiyo Tata aliyotufundisha sisi wawili kwenye rweya ya kwetu Buganguzi, kwa fimbo moja aliyopewa na Mzee. Mimi nilibaki mkata migomba. Wewe ulipata. Wewe ulikuwa na kiuno kinachotangulia bila kuambiwa, na mpira wako ulikuwa unavuka njia ya ng'ombe huku wangu tukiutafuta miguuni. Kosa lako lilikuwa moja, kwamba ukifika juu ulikuwa unakaa. Fimbo iko begani, mwili umesokotwa, nawe umetulia tu. Tata alikuwa anakuuliza kama unasali huko juu. Alikuwa anacheka, na ulikuwa unapenda anavyocheka. Sikumwona akicheka na mtu mwingine kwa namna ile, na wivu nilikuwa nao, nisikufiche.

Halafu ukaenda. Najua kwamba hasira yake unaijua, lakini sidhani kama uliwahi kuelezwa vizuri. Hakukataa Mungu. Alisema ungeingia kwa masista walimu au wauguzi, angechinja mbuzi na kuwaita majirani. Lakini kuingia ndani ya ukuta usitoke tena, na siku ya kufa uzikwe hukohuko, mbali na kibanja walikolala baba yake na mama yake, hilo aliliona ni kufiwa na mtoto aliye hai. Ndiyo sababu hakuja kwenye nadhiri zako za daima. Picha yako ya siku ile, ukiwa na shela, ilipofika alimwambia Mama aiondoe machoni pake, na Mama akaiweka ndani ya sanduku, chini ya vitenge vyake. Tangu hapo jina lako hakulitamka. Tukikutaja sisi, alikuwa anatoka nje kukagua kahawa, hata kama ni msimu usio na kahawa.

Mwezi wa tatu mwaka huu, wakati wa masika, akaanguka kibanjani. Hospitali walisema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani upande wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na ulimi pia. Alikuwa anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini kilichotoka kinywani ni sauti moja tu, ya kuguna. Tukamtandikia kitanda chumba cha mbele, karibu na mlango, na mchana tukawa tunamkalisha kwenye kile kiti chake cha mbao sebuleni, kikielekea uani. Mama alibaki chumbani kwao, mlango nyuma ya kiti, akiuacha wazi ili amsikie akihitaji kitu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituelekeza tumgeuze kiwiliwili, kulia na kushoto, akasema mwili hukumbuka upesi zaidi kazi uliyoipenda. Niliposikia hivyo nilifurahi, dada, nikajiona kama nimeitwa kazini. Kila Jumamosi nikawa nafunga duka, nashika njia ya Muleba, naingia Buganguzi na ile fimbo mkononi. Naye Tata alikuwa ameshaanza mwenyewe. Mama aliniambia kwamba tangu wiki ya kwanza alikuwa anashika mkono wa kiti kwa kushoto, anajivuta, anageuza bega la kulia kwenda nyuma. Nilipomwona akifanya hivyo nililia kwa furaha. Nilimwambia Mama kwamba Tata anarudi mchezoni.

Basi nikamfundisha. Namwekea fimbo mapajani, nasimama mbele yake, namhesabia: kiuno, kifua, bega. Alikuwa anageuka vizuri ajabu, mpaka shingo inatoa mishipa. Tatizo lilikuwa kurudi. Akifika nyuma alikuwa anakaa hukohuko. Mimi nikamshika bega, taratibu, nikamrudisha mbele, nikamkumbusha maneno ya Mzee Nurmohamed kwamba mtu hamalizii nyuma. Upande wa kushoto alikataa kabisa kuugeukia. Nikajieleza mwenyewe kwamba mpiga gofu wa mkono wa kulia hana shida na kushoto. Tulipotaka kumhamishia barazani apate jua, akalishika kiti na kuguna mpaka tukamwacha. Nikasema ni ukaidi wa wagonjwa. Unaona nilivyokuwa na jibu la kila kitu.

Jumamosi moja alipokaa nyuma kwa muda mrefu, nikakukumbuka wewe. Nikamtania, nikamuuliza kama na yeye anasali huko juu. Machozi yakamtoka. Nikayafuta kwa leso yangu, nikamwambia Mama kwamba kiharusi humfanya mtu alie hata kwa jambo la kuchekesha, kama tulivyoambiwa hospitali. Jumamosi iliyofuata ndiyo ya mwisho. Nilimrudisha mbele, akagoma. Alikaza mwili kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mimi nikavuta bega, yeye akalizuia, nami nikashinda kwa sababu nina mikono miwili. Nikamsifu kwamba amepata nguvu. Akafariki katikati ya wiki, asubuhi, Mama akiwa anamletea uji.

Tulimzika kibanjani, jirani na babu, kwa misa nzuri na watu wengi. Mzee Nurmohamed naye hayupo tena duniani, lakini binti yake Nurjehan alikuja kutoka mjini, akakaa chini kwenye mkeka na akina mama mpaka jioni. Nilitaka uyajue hayo.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulinikalisha kitini pa Tata kama musika. Unajua mila yetu, mrithi lazima aketi alipoketi baba yake mbele ya watu. Wakanipa panga lake, na mtu mmoja, kwa mapenzi, akaniongezea na fimbo ya gofu. Akamwani kakapitishwa, ile kahawa yetu ya kutafuna, watu wakatafuna wakikumbuka vituko vya marehemu, na shangazi Georgina akasema angependa kuona yale mazoezi niliyokuwa najisifia. Nikalegeza mkono wa kulia kama wa Tata. Nikashika kiti kwa kushoto. Nikageuka: kiuno, kifua, bega, mpaka mwisho, mpaka pale alipokuwa anakaa.

Dada, kutoka kwenye kiti kile, ukigeuka hivyo mpaka mwisho, unaona ndani ya chumba cha Mama kupitia mlango ulio wazi. Na ukutani, juu ya kitanda, ilikuwepo picha yako ya nadhiri.

Sikuwahi kuiona. Mimi ni mtu mzima, chumba cha wazazi siingii, na nikisimama mbele ya kiti ukuta ule hauonekani. Watu walikuwa wananisubiri nirudi mbele wapige makofi. Sikuweza kurudi. Shangazi akadhani nimeshtuka mgongo.

Jioni nilimuuliza Mama. Akasema aliitundika siku Tata aliporudi kutoka hospitali. Alijua kwamba sasa mzee hawezi kumkataza, na aliona aibu kwa hilo, ndiyo maana akaiweka chumbani, nyuma yake, ili asimuumize. Lakini Tata alisikia msumari ukigongwa. Kisha Mama akaniambia jambo jingine. Kila alipokuwa anaufunga mlango ule ili abadili nguo, Tata alikuwa anaguna bila kukoma mpaka ufunguliwe. Yeye alidhani mzee anataka hewa. Tukakaa jikoni, mimi na yeye, tukalia, na chai ikakauka tena.

Usiniandikie kwamba labda alikuwa anaitazama kwa hasira. Nimeshalifikiria hilo kwa niaba yako. Mwili wake ulikuwa nusu umekufa, na kila kugeuka kulimtoa jasho. Mtu hajitesi hivyo miezi yote kwa ajili ya kitu anachokichukia, na hakatai jua la barazani ili asikikose.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi. Hapana, Tata hakukutaja, kwa sababu ulimi haukumrudia. Alikugeukia. Kila siku alikugeukia, akakaa huko, na mimi, Jumamosi baada ya Jumamosi, nilimshika bega nikamrudisha mbele. Hata mara ya mwisho alipokataa, nilimrudisha. Padre wa parokia nimemweleza, akasema sikujua. Ni kweli sikujua, lakini hainisaidii usiku. Nimeona nikwambie wewe, maana kilichochukuliwa pale kilikuwa chako.

Mama alitaka picha ihamishiwe sebuleni, mbele ya kiti. Nikamwomba aiache palepale. Nikienda Buganguzi naketi pale, nageuka, nakaa kidogo. Gofu sijacheza tangu siku hiyo.

Kwa mkono wa Padre anayekuja huko mafungoni nakutumia kopo la senene, Mama amewakaanga mwenyewe, kwa kuwa msimu umekuwa mzuri. Ndani ya kopo, chini kabisa, kuna mpira mmoja wa zamani ulioviringishwa kwenye jani la mgomba. Mama Mkuu akiuliza, mwambie ni wa baba yako, na kwamba uliwahi kuuvusha njia ya ng'ombe akiwa anaangalia.

Mama anasema usifunge mpaka ukakonda, na kwamba kibanja kipo, hata kama wewe hutalala humo. Shangazi Georgina anakusalimu na kulalamika. Tuombee, na umwombee Tata. Na mimi nikumbuke, pale unapokaa kimya kama zamani.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Byabato