Wimbo Haupiti Kwenye Kioo

Chumba cha Nje,
Nyumba ya Misheni.

Dada yangu kipenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vifungo vyote vilivyomo kwenye lile kopo lako la biskuti. U hali gani huko? Shemeji naye, mgongo umemwachia? Na wanangu, bado wanagombania kukanyaga cherehani mama yao akigeuka? Wape busu kila mmoja, na yule mdogo mwongeze moja.

Najua umenuna. Umenipigia tangu jana, na simu naiona inawaka hapa kitandani, sipokei. Tafadhali usiseme mdogo wako amepata mume akaringa. Sababu ipo na nitaifikia, lakini nikianza nayo utaitupa barua na kukimbilia stendi bila viatu. Kwa hiyo vuta kiti ukae. Mahali hapa katika barua mtu huandika kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwako tu. Leo nimeuruka mstari huo.

Kwanza niache nimsifu mume wangu, maana hata wiki hii nimeshindwa kujizuia. Mwaka sasa umetimia, dada, na bado nakumbuka alivyokuwa akipita nyuma yangu jikoni akanigusa kisogo kwa kidole kimoja, nikatia chumvi mara mbili. Hapa wote wanamwita Besi kwa sababu ya sauti yake. Inatoka chini kabisa, kama mtu anayesogeza kabati kubwa taratibu chumba cha pili. Wewe uliisikia siku ya harusi ukaninong'oneza, huku sindano ziko mdomoni unanishonea pindo lililofumuka, kwamba sauti hiyo ndiyo imenipumbaza. Kweli kabisa. Ukaniambia pia kwamba anayeolewa na mmisionari anaolewa na kituo kizima, kuanzia kengele hadi kuku. Nalo ni kweli, ila hukuniambia kwamba ningekipenda.

Nyumba yenyewe ni ndefu, ina korido inayolia miguuni, na kila kitu kilichomo kiliwahi kuwa cha mtu mwingine. Tunakula kwenye mabenchi ya kanisa la zamani. Mapazia yetu yalikuwa majoho ya kwaya. Baba mkwe na mama mkwe walitumwa hapa na kanisa lao wakiwa wageni kabisa, mume wangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na hawajawahi kuondoka. Baba mkwe ni mchungaji mpole anayesahau miwani yake kichwani. Mama mkwe ndiye anayepiga kinanda cha kukanyaga pale jikoni, kwa sababu ndipo mahali pekee kilipoenea. Kibao kimoja kimekufa, na wimbo ukifika hapo wote wanakijaza kwa pua, "mmm," kisha wanaendelea kama kawaida. Jioni yangu ya kwanza nilicheka hadi nikatoka nje.

Kila jioni, kabla ya wimbo, kila mtu lazima amshukuru Mungu kwa kitu kimoja, na ni marufuku kurudia cha jana. Miezi ya kwanza mimi nilimshukuru Mungu kwa mabega ya mume wangu, kwa masikio yake, kwa anavyokoroma kwa adabu. Mwishowe mama mkwe akasema bila kufumbua macho kwamba mwenzetu leo ashukuru hata kwa chumvi, maana huyo kijana atakwisha. Baba mkwe alikohoa kuficha kicheko. Wakati huo, dada, kukohoa ndani ya nyumba hakukuwa na maana yoyote.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa koo. Mliusikia redioni mkaniuliza, nami nikawaambia uko mbali. Haukuwa mbali. Unaanza na sauti. Mtu anaamka amekwaruzwa kidogo tu, kama aliyeshangilia mpira jana. Kesho yake kumeza mate ni kazi. Baada ya hapo ni pumzi. Watu wa afya walihitaji majengo, baba mkwe akatoa madarasa ya misheni, madawati yakatolewa nje, vitanda vikaingia. Kutoka dirisha la jikoni naona mlango wa wodi. Zamani kengele ya kanisa ililia kila alipofariki mtu. Ikafika mahali wanawake wanaangusha ndoo ikilia, baba mkwe akaamuru ifungwe kamba. Tukadhani tutapumua. Lakini fundi seremala wetu, aliyekuwa akitengeneza madawati, alianza kazi ya majeneza, na sasa tulikuwa tunasikia msumeno.

Mume wangu aliniambia huku tukikausha sahani kwamba anakwenda kusaidia wodini. Wagonjwa walihitaji wa kuwabebea maji, kuwageuza, kuwaombea, na wengi ni wazazi wa wanafunzi anaowafundisha hapa shuleni. Alisema hawezi kuwatazama kupitia uani kama mtu anayetazama mechi. Nikamuuliza mimi je. Akaikausha ile sahani hadi nikadhani ua lililochorwa pale litatoka. Nililia hadi mama mkwe akanivuta stoo, akafunga mlango, akaniambia nilie palepale nimalize, ili mume wangu akitoka asipewe machozi ya kubeba wakati ana ndoo. Halafu naye akalia kidogo, tukajifuta kwa mfuko wa unga, tukatoka wote tuna nyuso nyeupe.

Masharti yaliwekwa na Sista wa wodi, mwanamke mfupi ambaye hata mbwa wa misheni humpisha. Mume wangu alale chumba cha nje, kilichokuwa stoo ya vifaa. Chakula awekewe kwenye kigoda. Asimguse mtu. Jioni akae kwenye benchi la uani chini ya dirisha la jikoni, nalo lifungwe kioo muda wote, tumtazame tu kama samaki.

Tulijaribu, dada. Simu tulikuwa nazo, lakini kuimba kwa simu kulikuwa kichekesho, kwa sababu sauti yake ilifika kwenye kiitikio sisi tumeshakaa. Na bila simu wimbo haupiti kwenye kioo. Tulimwona akifungua na kufumba mdomo. Jioni moja mama mkwe akanyanyua mikono kwenye kinanda akasema hii si ibada ya nyumbani, hii ni familia kupiga miayo. Baba mkwe akashusha miwani kutoka kichwani, akasema kwamba kuna wavu wa mbu, na upenyo mdogo hauna neno. Mimi ndiye niliyelisukuma dirisha na kuliwekea kitabu cha nyimbo cha mume wangu lisijifunge. Besi ikaingia jikoni, vikombe vikatetemeka kwenye kabati, na sote watatu tukasahau maneno ya ubeti wa pili.

Tangu siku ile wimbo ukawa ndio kipimo chetu. Kila jioni ubeti wa kwanza niliuimba nimeinama hadi pua inagusa wavu, nikimsikiliza kwa ngozi yote. Besi ikishuka hadi chini bila kukwaruza, basi yu mzima, tumepewa kesho. Siku moja akakohoa. Mikono ya mama mkwe ilianguka kwenye vibao vyote kwa pamoja, kinanda kikapiga kelele mbaya sana. Akasema jamani ni vumbi, ni vumbi tu, akaimba mstari ule peke yake kututhibitishia. Hatukuweza hata kumcheka.

Kuna mwalimu wa hesabu waliyekuwa wakibeba ndoo pamoja, mtu wa utani, aliyekuwa akimwambia mume wangu kwamba sauti hiyo akifa waitumie kushindilia barabara. Mwanzoni mwa wiki sauti ya mwalimu huyo ikawa kama ya jogoo mchanga, wakachekana. Kabla ya Jumapili, fundi alikuwa anafanya kazi yake. Jioni ile mume wangu alikaa kwenye benchi hakuimba. Wazee wakatuacha. Akaweka kidole kwenye wavu upande wake, nami nikaweka changu upande wangu, tukabonyeza hadi waya ukatuchora. Nikamwomba Mungu kwa sauti, yeye akisikia, aliondoe dirisha hili kati yetu. Sikusema kwa njia gani. Mtu haombi kwa kuorodhesha masharti kama mwenye nyumba ya kupangisha, au sivyo? Nilisema tu aliondoe.

Sasa nimefika, dada. Shika kiti.

Juzi asubuhi nilimwita kuku, kuku hakugeuka. Nikaita tena, ikatoka hewa yenye mchanga. Nikajiambia nimelala mdomo wazi. Nikanywa maji ya moto, nikanywa na chumvi, kutwa nzima nikawa mwanamke wa kutikisa kichwa na kutabasamu, na baba mkwe akafurahi akasema ndoa inanituliza. Nilijua. Nilijua kama unavyojua umefunga mlango na ufunguo uko ndani. Lakini niliitaka jioni ile moja tu. Nikasimama dirishani mahali pangu, nikawa nafungua na kufumba mdomo, huku wazee wawili wamemwinamishia yeye masikio, kama kawaida yetu, wakimpima yeye, yeye, yeye.

Katikati ya ubeti wa pili besi ikakatika. Mama mkwe akainuka hadi kiti kikaanguka. Lakini hakuwa anaumwa. Alikuwa amesimama pale nje ameshika kingo za dirisha, akauliza Chiriku yuko wapi. Baba mkwe akamjibu kwamba si huyo mbele yako. Akasema hapana, hamsikii? Mke wangu haimbi.

Wewe ndiye uliyenipa jina hilo, dada, kwa ajili ya domo langu lisilofunga. Nyumba nzima ilikuwa inamsikiliza yeye, na yeye usiku na mchana amekuwa akinisikiliza mimi.

Sista alikuja na tochi, akanifungua kinywa, akamulika hadi ndani kooni. Kisha akampima na mume wangu. Kumbe mtu anaweza kuubeba ugonjwa kooni bila kuumwa, akatembea nao kama anayebeba mzigo wa mwenzake. Akauliza umefikaje ndani wakati dirisha linafungwa. Akakiona kile kitabu cha nyimbo pale kwenye kingo, akakichukua, akakipangusa, akampa mama mkwe mkononi, akalifunga dirisha mwenyewe. Mama mkwe hajapiga kinanda tangu hapo. Tafadhali, ukimwandikia, usimlaumu. Hawa ni watu waliovuka kila kitu kwa kuimba; walifanya kosa ambalo watu wasioimba wasingelifanya. Na kitabu nilikiweka mimi.

Kwa hiyo mimi ni mgonjwa, dada. Ndio maana sipokei simu: ningetamka "haloo" moja tu ungejua. Sista anasema tumewahi, kwa sababu kuna sikio lililosikia mapema, na sindano nimeanza kuchomwa, na mume wangu anameza vidonge vyake. Hakusema nitapona. Nilimwandikia swali hilo kwenye kiganja, akalisoma, akanifunga vidole.

Wodi imejaa, basi nimeletwa huku chumba cha nje. Na kwa kuwa mume wangu tayari yumo katika jambo hili, ndiye aliyeruhusiwa kunitunza. Umeona? Niliomba dirisha liondoke, limeondoka. Baada ya miezi yote ile ya waya na kioo, jana alinishika uso kwa mikono yake yote miwili. Mikono imekuwa migumu, inanuka dawa ya kusafishia sakafu, na sijawahi kushikwa hivyo. Nilikuwa na furaha, dada, nakuapia, furaha tele, na wakati huohuo nilikuwa naogopa kumeza. Hata sasa naogopa. Kila mate nayapangia safari. Msumeno ukinyamaza naogopa, ukianza naogopa zaidi. Yeye naye anaogopa: anadhani nimelala, kumbe namwona ameweka sikio karibu na mdomo wangu.

Usije. Nakuomba kwa jina la aliyetuzaa, usije na usimtume shemeji. Barua hii itaanikwa juani kwanza kwa amri ya Sista, kwa hiyo ikifika wino umepauka usidhani nililia juu yake. Nimelia pembeni.

Jioni inaingia. Wazee wameshakaa jikoni nyuma ya kioo, nawaona. Baba mkwe amenionyesha kwa kidole kwamba ni zamu yangu ya kushukuru, basi nimeandika kwenye karatasi kubwa na mume wangu ameinyanyua waisome: nashukuru kwa masikio yake. Najua nilishayashukuru zamani, lakini mama mkwe hakupinga kurudia; naona amefungua kinanda. Hatutasikia lolote kutoka kule na wao hawatasikia lolote kutoka huku, lakini wakipumua tutajua ubeti umeisha. Besi amekaa kitandani, nimeegemeza mgongo wangu kwenye kifua chake, ameanza, na sauti yake sasa naisikia kwa mifupa. Pale penye kibao kilichokufa ameniachia mimi. Hapo hapahitaji koo, dada. Ni pua tu. Nimeweza.

Nisalimie shemeji, wabusu wanangu, na usiku mkiomba mniombee pumzi. Sauti itafuata yenyewe. Nikipona utajuta, nitakupigia nikuongeleshe hadi chaji iishe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku.